Maji ya Bahari Hayana Umeme wa Kuchota

Kila inapotajwa betri ya maji ya bahari, hakosi mtu wa kudai kwamba bahari imejaa umeme na kilichobaki ni kuuchota. Dai hili nimelisikia mara nyingi mno, nami siwezi tena kulinyamazia, kwa kuwa linawafanya watu wanunue taa wakiamini kuwa zinaendeshwa na chumvi. Taa hizo hula bamba la magnesiamu. Bamba likiisha, taa nayo imekwisha, hata ukiimiminia maji mengi kiasi gani.

Betri ya maji ya bahari ya aina ya kuchajiwa, iliyofanyiwa kazi kubwa na watafiti wa chuo cha UNIST mjini Ulsan, Korea Kusini, ni kitu kingine kabisa. Sodiamu iliyomo katika chumvi ni kama jiwe lililokwisha kufika bondeni: haikupi nguvu mpaka uipandishe kwanza, na kuipandisha ndiko kuchaji. Umeme unapoingia, ioni za sodiamu, yaani atomi zake zenye chaji, hutoka majini, hupenya ukuta wa kauri na kugeuka metali upande wa anodi, ncha inayohifadhi sodiamu, huku kwenye kathodi, ncha inayogusa maji ya bahari, maji yakitoa oksijeni. Betri inapotumika, sodiamu hurudi baharini, na oksijeni iliyoyeyuka majini hupokea elektroni na kuwa haidroksidi, ioni ya oksijeni na haidrojeni. Kinadharia seli hutoa volti 3.5 hivi, lakini kwa vitendo kuchaji hudai zaidi ya hapo na matumizi hurudisha pungufu.

Linaloniudhi kuliko yote ni kauli kwamba bahari haina mwisho, basi na betri haina mwisho. Kinachoamua betri itabeba kiasi gani ni chumba cha anodi, ambacho kimefungwa na kina ukubwa wake, na upana wa bahari haukiongezi hata kidogo. Isitoshe, lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 11 za sodiamu, zinazotosha ampea-saa (kipimo cha chaji) 12 na ushei, lakini oksijeni iliyoyeyuka humo ni miligramu 7 hivi, ambazo hazifikishi hata ampea-saa 0.03. Kwa hiyo maji yakitulia, oksijeni huisha mapema mno wakati sodiamu ingali tele, na ni lazima maji yatembee au yapuliziwe hewa. Ukitumia pampu, nayo inakula umeme uleule uliouhifadhi.

Halafu kuna ule ukuta wa kauri, uitwao NASICON, unaopitisha ioni za sodiamu tu, ambao wasimuliaji wengi huupita kwa neno moja. Kauri hiyo ndiyo inayotenganisha sodiamu na maji, vitu viwili visivyopaswa kukutana: ufa mwembamba tu unatosha kuzalisha joto na haidrojeni. Ukiifanya nene, inapunguza kasi ya ioni. Ukiifanya nyembamba, inavunjika upesi. Upande wa kathodi, haidroksidi inayozaliwa huvuta kalisi na magnesiamu zilizomo majini, na kitambaa cheusi cha kaboni, ambacho ndicho kathodi yenyewe, hufunikwa na ukoko mweupe unaoziba vinyweleo vyake. Mwani nao haukawii.

Mimi naipenda teknolojia hii, na naiona ikifaa sana kwenye maboya na vipima-bahari, ambako maji yapo tayari, yanatembea, na umeme unaohitajika ni mdogo. Kwa umeme wa majumbani nina mashaka makubwa, kwa sababu seli za kawaida za ioni za sodiamu, zilizofungwa kabisa, huhifadhi sodiamu ileile bila kauri, bila ukoko na bila pampu.