Ninavyoonja dabo IPA: kungoja uchungu uondoke

Chupa ya Pliny the Elder ikiwekwa mezani, kwanza naigeuza nitafute tarehe ya kujazwa. Bia hii ni dabo IPA, yaani IPA (India Pale Ale, aina ya bia chungu yenye harufu kali ya hopi) iliyozidishwa hopi na nguvu. Inapikwa na kiwanda cha Russian River katika kaunti ya Sonoma, kaskazini mwa California. Ina alkoholi asilimia 8 na hopi nyingi mno, yale maua ya kutia bia uchungu na harufu, na lebo yake yenyewe inamwonya mnunuzi asiihifadhi, ainywe ingali mpya.

Onyo hilo niliwahi kulipuuza. Nilipewa chupa moja, nikaiweka kabatini nusu mwaka nikisubiri wageni wa heshima. Siku tuliyoifungua, harufu ya balungi haikuwepo tena. Tulipata kama asali iliyochoka, na nyuma yake boksi lililolowa maji. Uchungu ulikuwa umebaki peke yake, mkavu, umeshika ulimi. Iliniuma kwa sababu wageni wale hawakuwahi kuionja kabla, wakaondoka wakiamini kwamba ndivyo ilivyo.

Hopi ni mmea unaotambaa wa nchi za baridi, na sehemu kubwa ya hopi za Marekani inalimwa bonde la Yakima, jimbo la Washington. Maua ya mmea jike yana unga wa njano uitwao lupulini, na unga huo una vitu viwili vyenye tabia tofauti. Kuna asidi ambazo zikichemshwa muda mrefu hugeuka kuwa uchungu, na uchungu huo hudumu. Kuna pia mafuta ya harufu, ambayo huruka na mvuke. Ndiyo maana mpishi hutia hopi kwa awamu: za mwanzo kwa ajili ya uchungu, za mwisho kwa ajili ya harufu, na nyingine huzitumbukiza bia ikishachacha, bila moto kabisa. Harufu iliyopatikana kwa taabu hiyo ndiyo ya kwanza kupotea ikikutana na hewa au joto.

Mimi nimekulia Kibosho, Kilimanjaro, kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu zilizopikwa, kimea cha ulezi, na gome la msesewe la kutia uchungu. Babu alipopewa kata ya kuonja alikuwa akimeza, kisha ananyamaza kitambo. Utotoni nilidhani anatafuta maneno. Sasa, baada ya miaka ya kuonja bia kama kazi, najua alikuwa anangoja. Msesewe ukizidi, uchungu hugoma kutoka kooni. Ukiwa wa kadiri, hukata utamu wa ndizi kisha unajiondokea, na mkono unairudia kata wenyewe. Kipimo cha babu ndicho ninachotumia kwa dabo IPA.

Na mtindo huu unahitaji kungojwa kwa sababu ya asili yake. Mwaka 1994 Vinnie Cilurzo alikuwa anaanzisha Blind Pig, kiwanda kidogo huko Temecula, kusini mwa California, kwa mitambo ya kizamani. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba alitaka bia nzito itakayofunika kasoro zozote za mitambo ile, akachukua mapishi yake ya IPA na kuziongeza hopi maradufu. Wengi wanaihesabu ile kuwa dabo IPA ya kwanza ya Marekani. Baadaye alihamia Russian River, na Pliny ikatokea huko. Mimi hukumbuka sana neno lile, kufunika. Hopi nyingi ni kama manukato makali, na mwonjaji lazima asubiri yapungue ajue kilichopo chini yake.

Basi naitoa chupa kwenye friji, naiacha ifike nyuzi 8 au 10 hivi. Ikiwa ya baridi kali, pua haipati kitu. Namimina theluthi ya glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, povu lipande, nanusa papo hapo kabla sijaangalia rangi. Karatasi ya BJCP, mpango wa Marekani wa kuthibitisha waamuzi wa bia, inaipa harufu alama 12 kati ya 50, na mwonekano 3 tu, na naona ni haki. Kwa Pliny natarajia msonobari na utomvu wake, ganda la balungi, na chungwa kwa mbali. Hopi zake ni Simcoe, Centennial, Amarillo na zile za jamii ya CTZ (Columbus, Tomahawk na Zeus).

Nikishashiba harufu hiyo, naizungusha glasi na kunusa tena, safari hii nikitafuta makosa. Tufaha bichi maana yake bia imetolewa mapema mno kwenye hamira. Mahindi ya kuchemsha yanatokana na kimea ambacho hakikuchemshwa vya kutosha. Joto linalochoma pua kama spiriti ya kusafishia kidonda linaonyesha kwamba hamira ilifanya kazi kwenye joto kubwa mno. Harufu ya siagi ndiyo inayodanganya wengi. Hopi zinazotumbukizwa bila kuchemshwa zina vimeng'enya vinavyovunja sukari ambazo hamira ilishindwa kuzila mwanzoni. Hamira inapata chakula kipya, inaamka, inaanza kuchachua upya, na siagi inazaliwa katika bia ambayo mpishi alidhani imekwisha. Akiijaza kwenye chupa siku hiyo, kosa hilo limekwenda nayo.

Halafu nameza. Waonja divai hutema, sisi hatutemi, kwa sababu uchungu wa hopi hukomaa kooni baada ya funda kupita. Watu huniuliza sana kuhusu IBU, kile kipimo cha uchungu. IBU moja ni takriban miligramu moja ya asidi za uchungu kwa lita. Dabo IPA hutarajiwa kuwa kati ya 60 na 100, wakati lager tulizozoea nyumbani mara nyingi hazifiki 30. Lakini namba haionji. Utamu wa kimea unaweza kuumeza uchungu mwingi, na bia ya IBU chache ikiwa kavu ikakukera zaidi.

Hapa ndipo ufundi wa Pliny unaponivutia. Alkoholi ya asilimia 8 ukiitafuta kwa kimea kitupu, unapata bia nzito, tamu, inayonata midomoni kama sharubati. Cilurzo hutia pia sukari kidogo. Hamira huimaliza sukari hiyo yote, kwa hiyo alkoholi inapanda bila bia kunenepa. Bia inabaki nyepesi mdomoni, na uchungu haupati utamu wa kung'ang'ania. Wepesi huo una hatari yake: chupa moja ya mililita 510 ina karibu mililita 41 za alkoholi tupu, na nusu lita ya bia ya asilimia 4.5 ina 22.5. Gawaneni.

Chupa niliyofungua leo ina siku 19. Harufu nimeipa 11. Ladha, ambayo ina alama 20, nimeipa 18. Robo ya mwisho niliiacha mezani karibu nusu saa hadi ikawa na joto la chumba, maana hapo hakuna baridi ya kuficha chochote. Siagi hakuna, spiriti hakuna. Msonobari umelegea, ganda la balungi bado lipo. Nimemeza, nikanyamaza, nikahesabu polepole. Nilipofika kumi na mbili uchungu ulikuwa umeondoka.