Usiniambie "zile nyeupe"

Simu ya saa nane usiku huanza vilevile: "Nesi, mzee amezidiwa." Nauliza anatumia dawa gani. Kimya kidogo, halafu: "Zile nyeupe. Na kale kengine kadogo."

Mimi ni muuguzi, nawatembelea wagonjwa majumbani hapa Mbeya, hasa Uyole na Itezi. Metformini ya kisukari mara nyingi huja nyeupe. Amlodipini ya presha, nyeupe. Furosemaidi ya kupunguza maji mwilini, nyeupe. Ukiniambia nyeupe hujaniambia kitu.

Mzee mmoja dawa zake zilikaa kwenye kopo la kahawa, zote zimetolewa kwenye pakiti "zisichukue nafasi". Usiku huo alikuwa analoa jasho na kuongea maneno yasiyoeleweka. Ndugu walishaanza kubishana kama ni kiharusi au mkono wa mtu. Nilipompima, sukari ilikuwa 2.4, imeshuka mno. Alikuwa amemeza glibenklamaidi yake kama kawaida, ila ugali hakugusa, hamu hana. Dawa ile hushusha sukari, umekula hujala.

Mgonjwa wa namna hiyo, kama yuko macho na anameza vizuri, koroga vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe. Subiri dakika 15. Akiwa bado, rudia. Akipata nafuu, ale chakula, halafu apelekwe, maana dawa hiyo inaweza kumshusha tena baada ya saa kadhaa. Akiwa hajitambui usimtie chochote mdomoni, hata uji. Mlaze ubavu, mumpeleke hospitali mara moja.

Kwa hiyo ninachoomba kila nyumba ni karatasi moja nyuma ya mlango: jina la mgonjwa, umri, magonjwa yake, kila dawa kwa jina lake na saa ya kumeza, dawa inayomdhuru, namba mbili za simu. Dawa zibaki kwenye pakiti zake, na zote zije hospitali pamoja na mgonjwa.

Usafiri tafuteni mchana. Kuanzia Novemba hadi Mei mvua zikikolea, kuna miteremko huku ambayo bajaji inaishia chini na mgonjwa anabebwa kwenye blanketi hadi barabarani. Mjue ni nani watambeba, na dereva gani hupokea simu usiku. Nyumba zetu nyingi hakuna anayezijua kwa namba, basi mtu asimame njia panda na tochi. Kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni au kichanga, pigeni 115, ni bure. Huo ndio mfumo wa m-mama. Babu mwenye presha haumhusu.

Siku ninayokuja kawaida, tafadhali msihangaike kudeki. Mnanificha mambo! Kidonda msikioshe asubuhi ile. Nataka kuona bandeji ya jana imelowa nini na inanukaje. Mfuko wa mpira wa mkojo, kama haujakaribia kujaa, uacheni nione rangi na kiasi, na siku zote uning'inie chini ya usawa wa kibofu. Anayemgeuza mgonjwa kila saa mbili awepo, hata kama ni binti wa kazi. Mara nyingi yeye anajua kuliko mwenye nyumba.

Na Juni na Julai, baridi hii yetu, jiko la mkaa lisilale chumbani na mgonjwa. Hewa yake ya sumu haina harufu. Mwongezeeni blanketi.

Itezi kuna nyumba karatasi yao imepigiliwa mlangoni kwa misumari na vizibo vya soda ili isichanike. Imeandikwa na mjukuu wa darasa la tano, kwa penseli, majina ya dawa amenakili herufi kwa herufi kutoka kwenye pakiti. Chini kabisa ameongeza la kwake: "Bibi anaogopa sindano. Mshikeni mkono wa kushoto, wa kulia unauma."