Kiharusi hakiko mkononi

Mtu anaamka alfajiri, mkono wa kulia hauinuki, mdomo umekwenda upande, maneno yanaburuzika. Mmoja analeta mafuta ya moto auchue mkono, mwingine anasema kakumbwa na upepo mbaya. Mkono wenyewe hauna kasoro. Tatizo liko kichwani, tena upande wa kushoto, kwa sababu kila nusu ya ubongo huendesha upande wa pili wa mwili. Mshipa wa damu humo ama umeziba kwa donge la damu, ama umepasuka.

"Kapigwa kitu, jana alikuwa mzima." Huo ughafla ndio unaowafanya watu wafikirie jini. Lakini presha ya juu, chanzo kikubwa kuliko vyote, huila mishipa kimyakimya kwa miaka. Dua isomwe, lakini isomwe ndani ya gari la kwenda hospitali.

"Mpe aspirini na chai ya moto." Hapa naomba sana tusikilizane. Aspirini huzuia damu kuganda. Kama mshipa umepasuka, unazidisha uvujaji, na aina ya kiharusi haijulikani kwa uhakika bila picha ya CT, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa mashine hospitalini. Chai nayo yaweza kuingia mapafuni, maana koo huenda limelegea. Kuchoma ncha za vidole kwa sindano hakusaidii chochote. Cha kufanya ni kumwahisha hospitali na kukumbuka saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho: dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Hata dalili zikipotea baada ya dakika chache, nendeni. Kikubwa zaidi chaweza kufuata.

"Ni ugonjwa wa wazee." Watoto wenye selimundu hukipata.

"Hasemi, basi akili imekwisha." Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Nimeona ndugu wakijadili mashamba ya mgonjwa mbele yake, naye machozi yanamtoka.

Mwaka 1861, karibu na jiji la Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Kwa miaka mingi neno lake lilikuwa moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca alikuta sehemu ya mbele ya ubongo wake, upande wa kushoto, imeharibika. Mwaka 1874 daktari Mjerumani, Carl Wernicke, akaeleza hali iliyo kinyume: eneo la nyuma zaidi likiumia, maneno hutiririka bila maana, na kuelewa ndiko kunakopungua. Mgonjwa wa aina hii ya pili ndiye anayedhaniwa kachanganyikiwa.

Si kiharusi peke yake kinachoharibu maeneo hayo. Ajali ya bodaboda, uvimbe, jipu, hata viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vikitua hapo hapo, huleta dalili zile zile. Mara nyingi kinachotofautiana ni kasi: kiharusi huja kwa dakika, uvimbe kwa wiki au miezi.

Kwa hiyo mketie karibu. Muulize maswali ya ndiyo au hapana, kisha usubiri, hata ukimya ukiwa mrefu. Wapo wasioweza kutamka jina la mtoto wao, lakini ukiwaanzishia wimbo waliouzoea tangu utotoni, maneno yanatoka mazima.