Guangzhou na Foshan: reli imeungana, kodi bado

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata vigae na makochi China mara nyingi hulala Xiaobei, katikati ya Guangzhou, kisha asubuhi anaelekea Foshan. Vigae viko Nanzhuang, fanicha ziko Lecong. Jioni amerudi hotelini, mzigo uko njiani kwenda ghalani, na kontena likishajaa linashushwa bandari ya Nansha. Kwake yeye huo ni mji mmoja. Kwa mtoza kodi ni miji miwili, na risiti ya kiwanda cha vigae ni ya Foshan.

Mimi kazi yangu ni uchumi wa miji, na kila nikitaja jozi hii huulizwa kama siku moja itakuwa mji mmoja. Jibu langu huwakatisha tamaa wanaopenda ramani: kilicho kigumu hakipiti kwenye reli.

Kwa historia, hawa ni ndugu. Enzi za wafalme, ndani ya kuta za Guangzhou mlikuwa na wilaya mbili, Panyu upande wa mashariki na Nanhai upande wa magharibi. Leo Nanhai ni wilaya ya Foshan. Kikantoni wanachozungumza ni kilekile. Machi 2009 serikali za miji hii zilitia saini makubaliano ya kuunganisha mipango yao, na Novemba 2010 ikafunguliwa njia ya metro kati yao, ya kwanza China kuvuka kutoka mji mmoja hadi mwingine. Desemba 2021 metro ya Foshan ikafika stesheni ya Guangzhou Kusini. Mwaka uliofuata metro ya Guangzhou ikaingia Shunde, wilaya ya Foshan iliyo nyumbani kwa kampuni ya vifaa vya umeme ya Midea. Kwa sensa ya 2020, Guangzhou ilikuwa na watu milioni 18.7 na Foshan milioni 9.5.

Sasa nenda Jinshazhou. Ni eneo moja la maghorofa, lakini sehemu yake ni ya wilaya ya Baiyun, Guangzhou, na sehemu ni ya Nanhai, Foshan. Vituo vya metro viko upande wa Guangzhou. Familia nyingi zilinunua nyumba upande wa Foshan kwa sababu bei ilikuwa nafuu na masharti ya kununua yalikuwa mepesi, huku baba na mama wakifanya kazi Guangzhou. Shida huanza mtoto anapofikisha umri wa shule. Nafasi katika shule ya serikali hufuata nyumba na hukou, yaani usajili wa ukaazi, si umbali wa kutembea. Shule unaiona dirishani, lakini ni ya mji wa pili.

Kwa nini serikali za miji hii zisikae zikayamaliza? Kwa sababu kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa ngoma ni kodi. Tangu 2016, kodi ya ongezeko la thamani hugawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na serikali za chini, na fungu la chini hubaki kule kampuni ilikosajiliwa. Kiwanda kikihama kilomita 20 kutoka Guangzhou kwenda Foshan, fundi wake atapanda metro aendelee na kazi, lakini kodi imeshahama. Na meya hupimwa kwa ukuaji wa mji wake, si wa jirani.

Zamani mauzo ya ardhi yalipoza machungu hayo. Nchi nzima, mapato ya kuuza haki za kutumia ardhi yalikuwa kama yuan trilioni 8.7 mwaka 2021. Kufika 2024 yalishuka hadi takribani trilioni 4.9. Septemba 2024 Guangzhou ikaondoa masharti yake ya kununua nyumba, na hapo Foshan ikapoteza kivutio kimojawapo. Hazina zikikauka, kila mji hukumbatia kampuni zake kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani ukata wenyewe utaileta miji hii pamoja.

Kumeza jirani kunawezekana, ila kwa wadogo. Mwaka 2019 mji wa Laiwu, mkoani Shandong, ulifutwa ukawa sehemu ya jirani yake Jinan. Shenzhen nayo inaendesha eneo la Shenshan, kilomita za mraba 468 zilizokuwa chini ya mji wa Shanwei, wala hazipakani na Shenzhen. Foshan si saizi hiyo: pato lake la mwaka linapita yuan trilioni moja, na mji wa namna hiyo haukubali kuwa kata ya mtu.

Ninachokiangalia mimi ni jaribio la delta ya mto Yangtze, lililoanza 2019 kati ya maeneo matatu yanayopakana: Qingpu ya mji wa Shanghai, Wujiang ya mkoa wa Jiangsu na Jiashan ya mkoa wa Zhejiang. Mipaka haikuguswa. Mpango wao unasema kodi mpya itakayotokana na kampuni mpya, kwa lile fungu la serikali za chini, igawanywe kuvuka mipaka, na viwango virekebishwe kila baada ya muda. Neno zito hapo ni “mpya”: hakuna anayenyang'anywa alichonacho.

Nadhani Guangzhou na Foshan watafuata njia hiyo, wakianzia kuzunguka stesheni ya Guangzhou Kusini, ambako mpaka uko jirani na ofisi mpya bado zinajengwa. Viwanda vikubwa vya zamani vya Shunde vitaachwa nje ya mkataba, kwa kuwa sijaona meya atakayegawa kodi ambayo tayari ameipangia matumizi.