Kimea cha mtama: pika uji kwanza

Maelekezo mengi ya bia ya nyumbani yameandikwa kwa shayiri: paraza kimea, loweka kwenye maji ya nyuzi 67 kwa saa moja, chuja. Ukiyafuata kwa mtama mtupu, utapata maji yenye utamu hafifu na wanga umetuama chini.

Kisa ni joto. Wanga wa shayiri hulainika kwenye nyuzi 58 hadi 65, vimeng'enya (protini za kimea zinazogeuza wanga kuwa sukari) vikiwa bado hai. Wa mtama hungoja nyuzi 68 hadi 78, na hapo beta-amilesi, kimeng'enya kinachotengeneza sukari ya kuliwa na hamira, kimeshakufa. Mtama wenyewe unacho kidogo tangu mwanzo. Mpika togwa anaijua dawa: uji uive, upoe, ndipo kimea kiingie na uji ulegee.

Kwa ndoo ya lita 10 mimi hupendelea kilo 2.1 za kimea cha mtama mweupe, gramu 600 za kimea cha ulezi (kile kile cha mbege) na gramu 300 za kimea cha mtama kilichokaangwa hadi rangi ya kahawa. Hicho cha kukaanga hakina vimeng'enya tena. Kikizidi sehemu moja ya kumi, bia inachachamaa kwa ukali wa moshi.

Changanya mtama na ulezi kwenye lita 10 za maji ya nyuzi 45, nusu saa. Acha vitulie, kisha teka taratibu lita 4 za maji ya juu na uyaweke kando: vimeng'enya vimo humo, usiyapashe. Mashapo yaliyobaki ongeza lita 2 za maji, chemsha dakika 20 ukikoroga kwa mwiko, maana yanaungua upesi. Uji ukishuka hadi nyuzi 75, rudisha yale maji. Joto litatua karibu na 64. Tia kimea cha kukaanga, funika dakika 90.

Dondosha iodini kwenye tone la maji hayo juu ya sahani nyeupe. Rangi ya buluu nzito maana yake wanga bado upo. Ongeza nusu saa.

Mtama hauna maganda ya kuchujia kama shayiri, kwa hiyo changanya konzi kadhaa za pumba za mpunga zilizooshwa. Mtama mwekundu wenye tanini (kemikali inayokaza ulimi, kama ya chai kali) uache, tanini hufunga vimeng'enya. Na ukiotesha mwenyewe, sugua mizizi na machipukizi yote yakishakauka, uyatupe: yana kemikali inayozaa sianidi, ambayo ni sumu.