Je, Wajua Kwa Nini Washairi wa Kale wa China Walitunga Sana Kuhusu Uadilifu?

Miongoni mwa mashairi ambayo watoto wa shule nchini China hufundishwa kukariri, limo moja la mishororo minne linalohusu chokaa. Jiwe lake limetolewa mlimani kwa mapigo maelfu ya nyundo. Linaunguzwa motoni na kuuona moto huo kuwa jambo la kawaida. Haliogopi hata kusagika likawa unga, mradi weupe wake ubaki duniani. Msomaji wa pwani yetu, ambako zamani matumbawe yalichomwa kupata chokaa, hahitaji kuelezwa ukali wa tanuri hilo.

Shairi hilo hunasibishwa na mtumishi wa serikali Yu Qian, aliyezaliwa mwaka 1398, na maisha yake yalilithibitisha kwa namna ya kuhuzunisha. Mwaka 1449 Wamongolia walimteka mfalme wa China vitani, na baadhi ya wakuu wakashauri makao ya serikali yahamishiwe kusini. Yu Qian alikataa, akaongoza ulinzi wa Beijing, na mji ukanusurika. Mwaka 1457 mfalme yule, ambaye alikuwa amekwisha kuachiliwa, alirejeshwa kwenye kiti chake, na Yu Qian akauawa kwa tuhuma za uhaini. Historia rasmi ya utawala wa Ming inaeleza kwamba waliokwenda kutwaa mali yake hawakukuta utajiri wowote, na chumba pekee kilichofungwa kwa kufuli kilikuwa na zawadi alizopewa na mfalme.

Kwa nini basi mtumishi wa serikali atunge shairi kuhusu usafi wa nafsi? Sababu kubwa ni kwamba katika China ya kale mshairi na mtumishi wa serikali mara nyingi walikuwa mtu mmoja. Mafundisho ya mwanafalsafa Confucius yalimtaka msomi autumie ujuzi wake kuwatumikia watu, na wakati wa utawala wa Tang (618–907) utungaji wa mashairi ulikuwa sehemu ya mtihani mashuhuri zaidi wa kuingia serikalini. Kwa hiyo azma kuu ya kijana msomi ilikuwa kupata cheo, lakini cheo hichohicho ndicho kilichomjaribu, kwa kuwa aliyesema kweli mbele ya mtawala angeweza kushushwa, kupelekwa mbali au kuuawa. Shairi lilibaki kuwa mahali ambapo nia yake haikuhitaji kibali cha mtu.

Mshairi Tao Yuanming alichagua kuuacha utumishi huo. Mwaka 405, alipokuwa mkuu wa wilaya ya Pengze, alitakiwa avae rasmi kumpokea mkaguzi, naye akasema hatainama kwa ajili ya mshahara wa vibaba vitano vya mchele. Alijiuzulu, akarudi kulima.

Kwangu mimi, hata hivyo, mfano mkubwa zaidi ni mshairi Du Fu (712–770), kwa sababu ndani yake azma haikufa, ila ilibadilika. Ujanani, akiutazama Mlima Tai, alitunga kwamba siku moja ataufikia upeo wake na kuiona milima mingine yote kuwa midogo. Alishindwa mtihani, akapitia vita na njaa. Mwaka 761, alipokuwa akiishi katika mji wa Chengdu, upepo uling'oa nyasi za paa lake na mvua ikavuja hadi kitandani. Katika shairi alilotunga juu ya usiku ule hakujiombea paa jipya. Alitamani nyumba ya maelfu ya vyumba itakayowasitiri wasomi maskini wote wa dunia, na akasema kwamba ikisimama siku moja, yeye yu radhi kibanda chake kibomoke na afe kwa baridi.

Azma ya namna hiyo haipimwi kwa sauti ya mshororo peke yake. Ndiyo maana tangu enzi ya utawala wa Song (960–1279) wahariri walijitahidi kuyapanga mashairi ya Du Fu kwa kufuata miaka ya maisha yake, ili msomaji alisome kila neno huku akijua aliyelisema alikuwa wapi, katika hali gani, na alitenda nini.