Usafirishaji haramu wa binadamu: tuache kuuliza kama alikubali

Siku hizi karibu kila changizo ya kanisa hapa Uganda kuna mtu atashika maiki aseme tunawachangia dada zetu waliosafirishwa kiharamu, na kabla hajavuta pumzi anaanza kuwahubiria hao hao dada, ati vijana wapunguze tamaa, wasikimbilie Dubai, lakini hata mwana mpotevu alirudi akapokelewa. Watu wanaitikia amina, bahasha zinapita. Nia ni nzuri kabisa na ile pesa inafanya kazi ya maana, inalipa kodi ya nyumba wanakolala wale wasichana, inanunua dawa na unga na maziwa ya watoto. Ila msichana mwenyewe saa ingine amekaa hapo benchi la nyuma anasikiliza, na anachokisikia ni kwamba alitenda dhambi na kanisa limemsamehe. Hapo ndipo naona lazima tuelewane hili neno linamaanisha nini.

Maana yenyewe haina urefu. Usafirishaji haramu wa binadamu ni kumpata mtu kwa nguvu, kwa uongo au kwa kutumia shida zake, ili umtumikishe. Kenya wengi wanasema ulanguzi wa binadamu, ni kitu hicho hicho. Sheria yetu ya Uganda ya mwaka 2009, ile ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, inaangalia mambo matatu: kilichofanyika, njia iliyotumika, na lengo. Lengo ni unyonyaji, na humo mnaingia kazi za kulazimishwa, utumwa wa deni, ukahaba, ndoa za kulazimishwa, kutolewa viungo na mengine ya namna hiyo. Kosa la kawaida ni hadi miaka 15 jela, na aliyefanyiwa akiwa mtoto sheria inaruhusu mpaka hukumu ya kifo. Hiyo ndiyo maana, sasa twende kwenye kinachowachanganya watu.

Kwa sababu jina lina safari ndani yake, mtu akisikia usafirishaji anawaza basi la usiku, paspoti, uwanja wa Entebbe. Sheria haianzi hapo. Inataja vitendo vitano, yani kumtafuta mtu na kumwandikisha, kumsafirisha, kumhamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kumhifadhi, na kumpokea, na chochote kati ya hivyo kinatosha kama njia na lengo vipo. Mwanamke wa Kisenyi, mtaa wa mabanda hapa Kampala, ambaye hajawahi kupanda basi la kwenda popote, lakini anawalaza watoto kumi chumba kimoja na asubuhi anawatuma barabarani kuomba halafu jioni anakusanya sarafu zote, huyo yumo ndani. Tajiri aliyeletewa msichana wa kazi kutoka kijijini, akamnyima mshahara, akamfungia geti na kumpiga, naye anaweza kuwa ndani hata kama msichana ametoka kijiji cha jirani tu. Mpaka wa nchi hauna lazima kuvukwa.

Na kinyume chake pia ni kweli, sio kila anayevuka mpaka kinyemela amesafirishwa kiharamu. Pale Busia au Malaba, mpakani na Kenya, mtu hana karatasi, anamlipa kijana ampitishe njia ya panya, wakifika upande wa pili kila mtu anashika njia yake. Hiyo ni magendo ya wahamiaji, ni kosa dhidi ya serikali na mipaka yake. Usafirishaji haramu ni kosa dhidi ya mtu, na yule aliyekupeleka hakuachi ukifika, kufika kwako ndio mwanzo wa faida yake. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha itifaki mbili tofauti, zikafunguliwa kwa sahihi kule Palermo, Italia, moja ya usafirishaji haramu wa watu na nyingine ya magendo ya wahamiaji, kwa sababu haya mawili yanagusana lakini hayafanani. Inatokea pia moja likageuka kuwa lingine katikati ya njia, umelipa uvushwe, mbele unaambiwa deni limeongezeka na utalilipa kwa mwili wako.

Vile vile sio kila anayeenda kyeyo, yani kutafuta kazi nje, Dubai au Saudia ni mhanga. Kuna kampuni zenye leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, kuna watu wameenda kwa mkataba wakafanya kazi wakatuma pesa nyumbani, wamejenga, wamesomesha wadogo zao. Tukiwaita wote wahanga tunawakosea, na wale walioumia kweli tunawapotezea sauti.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma zaidi, hili la kusema alikubali mwenyewe. Nalisikia kwa wazee wa kanisa, kwa ndugu wa msichana, hata kwa watu wanaojitolea kwenye hizi huduma, watu wenye moyo kabisa, wanasema huyu hakutekwa, alipakia begi mwenyewe, mama yake aliuza ng'ombe kumlipia ajenti. Ndio, alipakia. Alikubali kwenda kuuza dukani kwa mshahara aliotajiwa, na siku za kupumzika aliahidiwa. Alipofika paspoti ikachukuliwa, duka likawa nyumba ya watu, kulala ni masaa matatu tu kwa usiku, na akisema anataka kurudi anaambiwa arudishe kwanza gharama alizoletwa nazo. Alichokikubali na alichokikuta ni vitu viwili, na hakuna mahali alikubali hicho cha pili. Sheria ya 2009 imelisema wazi, kukubali kwa mhanga hakumtoi mkosaji kwenye kosa. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 18 haihitajiki hata kuonyesha kwamba kulikuwa na uongo au nguvu, ukimchukua kwa lengo la kumtumikisha basi, hata kama alifurahi kwenda, hata kama mzazi wake alimpeleka stendi na kumpungia mkono.

Wala sio mambo ya wasichana wasiosoma peke yao. Miaka hii ya karibuni kuna vijana wa Uganda, wanaume kwa wanawake, wengine na digrii zao, waliahidiwa kazi za kompyuta Thailand wakajikuta Myanmar kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni, wanalazimishwa kuwaibia watu kwa simu chini ya ulinzi. Hao nao walipanda ndege wakitabasamu.

Naelewa kwa nini sisi hapa tunangoja kusikia habari ya kutekwa ndipo tuamini. Tuna kumbukumbu nzito. Oktoba 1996 waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, waliingia usiku shule ya St Mary's Aboke wakachukua wasichana 139, Sista Rachele Fassera akawafuata porini kwa miguu akarudishiwa 109, wakabaki 30. Mtu aliyekua akisikia habari hizo anajua mhanga ni nani, ni yule aliyefungwa kamba akaburutwa. Na Wakatoliki tunaye Mtakatifu Bakhita, binti wa Sudan aliyetekwa akiwa mdogo, akauzwa zaidi ya mara moja, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000, na tarehe 8 Februari kila mwaka tunawaombea wahanga katika siku yake. Naye alitekwa. Kwa hiyo akija msichana aliyedanganywa taratibu, na ajenti ambaye ni jirani, au shangazi, au mtu anayeimba naye kwaya, tunakosa pa kumweka, tunamweka kwa mwana mpotevu.

Mwana mpotevu aliomba urithi wake baba akiwa hai, akaondoka na pesa, akazitapanya. Ni habari ya mtu aliyeharibu na akasamehewa, nzuri sana, lakini sio ya hawa. Habari yao iko Mwanzo 37 na 39. Yusufu hakutekwa barabarani na watu asiowajua. Baba yake alimtuma akawaangalie ndugu zake, akajibu mimi hapa, akaenda kwa miguu yake mwenyewe mpaka Shekemu, hakuwakuta, akauliza njia, akawafuata Dothani. Waliomuuza ni wa damu yake, bei ilikuwa vipande 20 vya fedha, Waishmaeli wakamsafirisha, Potifa akampokea Misri, akatumikishwa, halafu akatupwa gerezani kwa kosa ambalo hakulitenda. Vitendo vya sheria ya 2009 vimo humo karibu vyote. Na sijawahi kumsikia mhubiri hata mmoja akimuuliza Yusufu kwa nini ulikubali kwenda Shekemu. Hilo la gereza pia lina watu wake leo, wako waliokamatwa kwa kukaa bila viza au kwa ukahaba waliosukumwa ndani yake, na sheria yetu inasema mhanga asiadhibiwe kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake.

Watu huniuliza pia kwa nini huduma moja inahifadhi wasichana hawa na wakati huo huo inahangaika na watoto wenye utapiamlo, kwamba wachague kazi moja waifanye vizuri. Kwangu ni kazi moja. Zile njia zilizotajwa na sheria sio nguvu na uongo peke yake, iko nyingine inaitwa kutumia vibaya unyonge wa mtu, na unyonge wa kwanza ni njaa. Mwaka 2022 tathmini ya chakula ilikuta watu kama 518,000 Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, wako kwenye njaa ya kiwango cha mgogoro au zaidi. Mama wa Napak, wilaya ya huko Karamoja, ambaye mtoto wake mdogo amevimba miguu kwa utapiamlo, akija mtu aseme nipe huyu mkubwa nimpeleke Kampala atakula na kusoma, huyo mama unamwita amekubali? Ndio maana yule dada wa parokia anayezunguka manyatta na utepe wa kupimia mkono, akikuta mzunguko wa mkono wa mtoto mdogo uko chini ya sentimita 11.5 anamkimbiza zahanati kwa ile siagi ya karanga ya pakiti inayotibu utapiamlo, na akiwa amevimba au amezidiwa anapelekwa hospitali kwa maziwa maalum ya kuanza kidogo kidogo, huyo dada anazuia usafirishaji haramu kuliko mabango yote tuliyotundika. Na tafadhali msimpe mtoto wa namna hiyo sahani kubwa ya posho, yani ugali, na maharage kwa huruma, mwili uliokauka ukishibishwa ghafla mtoto anaweza kufa. Na wale watoto wanaofika Kampala, sarafu unayowapa kwenye taa za barabarani haibaki mikononi mwao, na sheria ndogo ya Kampala ya mwaka 2019 inakataza kuwapa pesa watoto wa barabarani.

Liko jambo moja nalisema kwa upendo kwa sababu linahusu nyumba zetu wenyewe. Mtu anatoka na basi la kanisa anaenda kijijini anakusanya watoto, ati anawaokoa, wazazi wako hai, wanaambiwa watoto watasomeshwa, kisha wanapangwa foleni waimbe wageni wakija na picha zao zinatumwa nje kuombewa pesa. Tazama tena vile vitendo: kuwatafuta, kuwasafirisha, kuwahifadhi. Kama hapo mwisho wanatumika kuingiza pesa, msalaba ukutani haubadilishi jina la kosa. Makao ya watoto yanatakiwa yawe yameidhinishwa, na mtoto anawekwa humo kwa amri ya mahakama, kupitia afisa wa probesheni wa wilaya, yule wa ustawi wa jamii. Wapo wachungaji na masista wengi wanaofuata hayo kwa uvumilivu mkubwa, wanamlisha mtoto akiwa kwa wazazi wake na kumsaidia mama apate mbuzi au shamba, na kazi yao haina picha za kuvutia kwa hiyo hawapati wafadhili haraka.

Basi kwa ndugu zangu mnaojitolea kuwapokea hawa watu wakirudi, mnaokaa nao mkijaza zile fomu za siku ya kwanza. Lile swali la kwa nini ulikubali kwenda liondoeni. Muulize aliahidiwa nini, alipofika alikuta nini, hati zake alishika nani, na kama alikuwa anaweza kuondoka akitaka. Akiwa ni mtoto hata hayo msimbane nayo, pigeni 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, muwaachie wanaojua kuongea na watoto. Akiwa mtu mzima andikeni kama anavyosema, na akianza kuomba msamaha mwambieni kwenye fomu hakuna sehemu ya kuandika hilo.